Chemchemi Chini ya Mapipa

Jumatatu hiyo Noémie alianika nguo, akabandika supu ya vitunguu, akarudi ndani kumtazama mwanawe Aubin. Siku ya nne mtoto anachemka homa. Daktari alikuwa amekwisha kuja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Noémie angeambiwa alambe majivu, angelamba.

Ndipo mama mkwe wake, Philomène, alipomvuta kando.

"Ile chemchemi ya uwanjani ipo."

"Si waliifukia, mama?"

"Waliifunika tu. Ipo chini ya mapipa yetu ya mvinyo."

Mji wa Vaubrelle ulikuwa umeshaisahau. Mabomba yalipokuja, meya aliamuru ifunikwe, nyumba zikajengwa juu yake, wazee wakabaki kubishana ilikuwa wapi. Zamani, mtoto akiugua, mama yake alilipeleka shati la mtoto pale na kulilaza majini. Likielea, atapona. Likizama, basi tena, ishonwe sanda.

Wakashuka na taa ghalani chini ya nyumba. Wakasukuma mapipa, wakainua jiwe. Maji yalikuwa meusi tii, yametulia. Noémie akalilaza shati la Aubin.

Likaelea. Akashusha pumzi. Kisha mkono mmoja wa shati ukaanza kuzama. Taratibu. Kama unavutwa.

"Usiliguse," Philomène alinong'ona. "Kilichochukuliwa hakidaiwi."

"Ni mwanangu, mama."

Akalikamata. Lilikuwa zito. Akavuta kwa nguvu zake zote, likapanda, na lilikuwa limeshikwa na shati jingine dogo, lililooza. Nalo limeshikwa na jingine. Na jingine, hadi chini kusikoonekana. Hapakuwa na fundo. Mikono ilishikana tu.

Akalinyakua la mwanawe, wakarudisha jiwe.

Huko juu walimkuta Aubin ameketi kitandani, anaomba mkate. Noémie alilia kwa furaha. Philomène alikuwa anautazama mkono wa mtoto. Palikuwa na alama za vidole vidogo, mbichi, zinadondosha maji. Noémie akazifuta. Zikalowa tena.

Aubin alipona kabisa, hilo hakuna anayelipinga. Ila mama yake sasa hulala ameushika mkono wake wa pili, hauachii. Maana kila asubuhi, upande ule mwingine wa mtoto, godoro huwa limelowa na kubonyea. Mwanzo palibonyea mahali pamoja padogo. Sasa pamebonyea padogo padogo, pamepangana hadi ukutani.