Mfuko wa Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Thoa alivua ndala mlangoni mwa chumba cha mwani, akanawa mikono na miguu kwa maji yenye dawa, ndipo akaingia. Ndani, mifuko sita mirefu ya plastiki ilisimama chini ya taa, imejaa maji ya bahari yenye rangi ya chai iliyokolea. Rangi hiyo ilitokana na mwani mdogo usioonekana kwa macho, chakula cha vifaranga wa kambamiti waliofugwa na familia, katika siku zao za kwanza. Thoa alikinga ndoo moja, akaipeleka kwenye matangi, akawagawia kwa kata.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya bibi yake. Tangu wamzike, majuma matano yaliyopita, Thoa aliifanya kama mtu anayejikuna usingizini. Mazishini hakulia. Chakula alikila kwa sababu kiliwekwa mbele yake.

Jumatatu mwani ulibaki nusu ndoo. Langoni, rafiki yake Loan alikuwa juu ya baiskeli akipiga kengele.

"Konokono wewe. Tukichelewa leo, tutafagia uwanja mzima kwa sababu yako."

Kila mtoto wa pwani ile ya Ninh Thuan aliijua kanuni: kilichotoka kwenye mfuko hakirudi, maana kata imekwisha gusa maji ya matangi na kurudi ndooni. Kinachobaki humwagwa. Lakini nyumbani kwao hata punje ya wali haikuachwa bakulini, bibi hakuvumilia. Thoa akaitazama ile nusu ndoo, akaimimina kwenye mfuko wa tatu, akaenda shule.

Alhamisi maji ya mfuko wa tatu yalikuwa yamepauka. Shangazi Duyen akaweka tone chini ya hadubini.

"Wadudu," alisema. "Wanazunguka kama walioalikwa harusini. Wanaumaliza mwani wetu."

"Wamepitia wapi?" Baba aliuliza.

"Labda pampu ya hewa. Mifuko mingine sijaona kitu, lakini wakiwa wachache hawaonekani."

"Pampu inapuliza hewa mifuko yote. Basi yote imeingiwa." Baba akachukua kisu. "Tunapasua yote sita, tunasafisha chumba, tunaanza upya."

"Na vifaranga, kaka? Mwani mpya ni siku tano. Hawa hawafiki kesho jioni."

"Na nikibakiza uchafu humu, hata wa mwezi ujao hawatafika."

Thoa alisimama mlangoni, begi mgongoni. Alingoja moyo umdunde, umwambie la kufanya. Haukusema kitu. Midomo ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine. Ncha ya kisu ikagusa mfuko wa kwanza.

"Si pampu, Baba," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. "Ni mimi. Jumatatu nilirudisha mwani uliobaki. Mfuko wa tatu."

Baba akageuka polepole. "Wa tatu tu? Ndoo haikugusa mwingine?"

"Wa tatu tu. Ndoo niliiosha kwa dawa kabla ya kuitumia tena."

Baba akauacha mfuko wa kwanza. Kisha akautia mfuko wa tatu dawa, akauburuta nje peke yake, akaupasua mbali na matangi. Mitano ikabaki.

Kwa siku tatu vifaranga walipewa chakula pungufu. Wengine walikufa, Baba akawachota na kuwatupa. Jumapili asubuhi shangazi alimwita Thoa tangini. Ndani ya maji, maelfu ya nukta zilikuwa zikirukaruka.

"Hawa wako hai kwa sababu ulisema," alisema. "Kosa lako limekula mfuko mmoja. Ukimya wako ungekula yote."

"Sikusikia chochote nilipokuwa nasema, shangazi. Hata woga."

"Ukweli haungoji usikie kitu. Unausema hivyohivyo, hata ukiwa umekufa ganzi. Lakini ganzi nayo isemwe. Sisi tulikupa ndoo ya bibi yako, hakuna aliyekuuliza kama unaiweza. Hilo ni kosa letu, na mimi nalisema leo."

Thoa akainama. Bega moja likaanza kutikisika, kisha la pili.

Shangazi akamshika mkono, akamvuta taratibu. "Lia, mwanangu. Ila sogea huku kidogo, machozi yasiingie tangini."