Shuka za Wodi ya Walioungua

Lifti ya hospitali ilikuwa imekwama tena, na watu wamejazana mbele yake kama nyuki mzingani. Mpimaji wa maabara alikuwa amekumbatia kisanduku chake cha baridi, gauni lake la zambarau limelowa mvua hadi magotini, ndipo mwanamume mmoja aliyebeba robota la shuka alipomgonga bega.

"Samahani, dada. Humo mna aiskrimu?"

"Mna bakteria."

Mwanamume akaruka nyuma, akamkanyaga mzee wa watu. "Nani anatembea na bakteria mchana kweupe?"

"Mtu ambaye kazi yake ni kuwaangalia wakifa."

Alikuwa fundi cherehani, mrefu, shati la drafti, tepi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Lifti ilipofufuka, tayari alikuwa na namba yake ya simu. Jioni hiyo hiyo akapiga.

"Dada Bakteria, umefika salama?"

"Nimefika. Wewe umenawa mikono?"

"Mpaka ngozi inataka kuchubuka, laazizi."

"Laazizi wa nani? Tumejuana leo!"

"Basi nitalirudisha neno kesho, nikupe tena kesho kutwa."

Mapenzi yakashika kama moto wa makapi. Lakini Fundi alikuwa na kidonda chake. Mdogo wake wa kike aliungua jikoni, akalazwa, akaanza kupata nafuu. Kisha vidonda vikaingia vijidudu, naye akaenda zake. Ndiyo maana Fundi alikuwa akishona shuka za wodi ile kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuua vijidudu. Muuzaji alimwapia kwamba dawa hiyo haitoki hadi shuka ichanike.

"Nimemwahidi mama," alisema. "Mtoto wa mwenzake hatakufa vile."

Maabarani vitambaa huja na namba tu, bila jina la mwenyewe. Siku Mpimaji alipofungua bahasha kutoka hospitalini, akaona pindo lililoshonwa maradufu kwa uzi wa buluu, akalisogeza kwenye mwanga. Mkono ule aliujua. Na sheria aliijua pia: majibu hayatoki mdomoni kabla hayajamfikia aliyeomba kipimo.

Akakata vipande. Vingine akavifua kama hospitali inavyofua, maji ya moto na dawa ya madoa, tena na tena. Akavidondoshea bakteria, akavifungia kwenye kabati la joto. Kesho yake, kisahani cha kipande kipya kilikuwa cheupe pee. Cha kipande kilichofuliwa kilijaa madoa madoa ya bakteria, sawasawa na kitambaa kisichotiwa kitu. Akarudia kipimo, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Jioni Fundi alimmenyea chungwa.

"Mbona kimya, kipenzi?"

"Kichwa tu."

Majibu yalipofika, muuguzi mkuu alimsomea Fundi mbele za watu. Simu ya Mpimaji ikalia papo hapo.

"Ulijua ni zangu?"

"Nilijua."

"Ukakaa nami, ukala chungwa langu, ukanyamaza!"

"Sikuruhusiwa kusema, mpenzi..."

"Usiniite hivyo." Simu ikakatwa.

Majuma yakapita. Mpimaji alipiga, haikupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Alivaa koti lake jeupe, akapima mapazia, soksi, barakoa. Hata mvua ilikataa kukatika.

Adhuhuri moja alitoka maabara akamkuta Fundi kizingitini, amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Shuka zote nimezitoa wodini," alisema. "Nimezibeba mwenyewe."

"Fundi, mimi..."

"Ngoja niseme. Sikukukasirikia wewe. Niliposikia kitambaa hakiui kitu, niliona kama mdogo wangu amekufa mara ya pili." "Mama bado hajui. Nashindwa kumwambia peke yangu. Utanisindikiza?"

"Nikajitambulishe kama nani?"

"Kama mkwe wake. Ukikubali."

Mpimaji alimshika mkono, wakaondoka.

Mama mtu alikuwa kwenye kochi, pazia limefungwa, kanga mabegani. Fundi akasimulia akitazama sakafu. Alipomaliza, mama akamgeukia Mpimaji.

"Wewe ndiye uliyezipima?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ukaona hazifai, ukasema."

"Nilisema. Nisamehe, mama."

Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu alipokuwa wodini, kila tukiuliza tuliambiwa anaendelea vizuri. Kila siku, anaendelea vizuri. Mpaka asubuhi tulipokuta kitanda kitupu. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kweli."

Akasogea pembeni polepole, akapigapiga nafasi iliyobaki kwenye kochi.

"Kaa, mwanangu. Kaa karibu yangu."