Blauzi Mtaroni

Naanza kwa kukiri: napenda nguo. Nguo mpya, za bei ya kutupa. Nilikuwa nikinunua blauzi leo, wiki ya tatu imeshafumuka, nanunua nyingine. Ile ya zamani naitupa kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Nilijiambia itaoza tu.

Mama mkwe alikuwa akitikisa kichwa. "Mwanangu, iko siku nguo zako zitatutoa humu ndani."

"Mama naye!" Nilicheka.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kufika mchana, maji yalikuwa yamejaa chumbani kwa mama mkwe. Godoro lake liliroa chapachapa. Mama ana pumu, na baridi ni adui yake mkubwa. Aliketi kitini, miguu juu, akikohoa mpaka machozi yakamtoka. Niliogopa tutampoteza.

Nilikimbia kumwita jirani yetu, fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Kushoto, sikujua kwa nini. Alikuja na reki, akaichomeka mtaroni, akavuta kwa nguvu. Likatoka furushi la nguo. Maji yakaanza kwenda.

Kushoto akainua kitu chekundu. "Shoga, hii si blauzi yako ya mwaka jana?"

Ndiyo yenyewe! Maua yake bado yanang'aa. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

"Mbona haikuoza?" nikamuuliza.

"Itaozaje? Pamba ndiyo huoza. Uzi wa kitambaa hiki ni plastiki, kama mfuko. Wewe utazeeka, yenyewe ipo tu."

"Basi mbona zinafumuka upesi hivyo?"

"Kwa sababu zinashonwa mbiombio. Unajua kwa nini naitwa Kushoto? Nilifanya kazi kiwandani miaka minne. Nilishona mikono ya kushoto tu, mamia kwa siku. Kwenda chooni mpaka uombe ruhusa, na msimamizi anatazama saa. Mgongo ulipoharibika, wakaniondoa. Blauzi nzima sikuwahi kuishona hata moja."

Alisema hayo bila hasira. Mimi ndiye niliyelia.

"Usilie, shoga. Ukienda kununua, vuta mshono kwanza. Ukiachia mwanya, irudishe. Chukua moja imara, uitunze. Ikifumuka, njoo nikufundishe kuishona."

Mama mkwe alikohoa siku tisa. Siku hizo zote sikununua hata kitambaa cha kichwa. Kila jioni nilikwenda kwa Kushoto. Nilijichoma sindano, yeye akanicheka, lakini blauzi zangu tano zilipona. Nyingine za kabatini zilikuwa zimechakaa mno. Hizo tulizifua, tukazikatakata, tukajazia mto wa kiti cha mama. Mtaroni siku hizi situpi hata uzi.

Juzi mvua ilirudi, kubwa kuliko ile. Nilikurupuka jikoni, mbio hadi chumbani kwa mama mkwe. Sakafu ilikuwa kavu. Nje maji yalipita mtaroni, yakaenda zake. Mama alikuwa ameketi juu ya mto wake, anapumua vizuri.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Maji, mama."

Akacheka, akaupigapiga ule mto. "Nguo zako hazinitoi tena, mwanangu. Sasa nimezikalia."