Mgeni wa Nyuma ya Pazia

Gari lilikuwa zito. Ayanle alilihisi kabla hata hawajatoka kwenye nyasi za kando ya mto. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri, lakini magurudumu yakajikokota kama ya gari lililopakiwa saruji. Na ndani hamkuwa na mzigo wa maana: godoro, jiko la gesi, madumu mawili ya maji, na mkewe Nafiso.

Ayanle alikuwa muuza vipuri katika soko la Custom, Juba, mzaliwa wa Garissa, na magari aliyajua kama babu yake alivyowajua ngamia. Hili alilinunua likiwa kuukuu, la abiria. Aling'oa viti, akatandika godoro nyuma, akatenganisha sehemu ya dereva kwa pazia la buluu. Majirani wao wa mtaa wa Gurei walicheka. Mtu ana nyumba, alale garini kwa nini? Lakini miezi minane tangu waoane, duka lilikuwa limemla Ayanle mzima mzima, na siku aliposema watafunga wiki nzima, washuke barabara ya Nimule na kulala popote patakapowapendeza, Nafiso alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alikuwa na habari ya kumpa. Mimba ilikuwa na miezi miwili, naye alitaka kuitamka mahali pazuri.

Mahali pazuri walipapata siku ya pili, juu ya maporomoko, Mto Nile ukipasuka kati ya mawe meusi na milima ikiwa imetulia ng'ambo. Anga lilikuwa jeupe kwa jua. Nafiso alichemsha pasta, akabeba sufuria hadi kwenye mawe, akamwaga maji ya moto ndani ya tundu lililokuwa kati ya mawe mawili. Hakusema bismillahi, mawazo yake yalikuwa kwenye ile habari. Kutoka ndani ya tundu alisikia kitu kifupi, kama mtoto aliyeanza kulia akakatizwa.

Hawakumaliza kula. Wingu lilishuka kutoka mlimani kana kwamba limeitwa, upepo ukabadilika ghafla, ikapiga mvua ya mawe iliyotoboa sahani yao ya plastiki. Ayanle akasema waondoke kabla njia ya udongo haijawa tope. Ndipo gari lilipokataa kwenda kama siku zote.

Hatua mia mbili mbele wakakwama. Ayanle alishuka, na Nafiso akamwona kupitia kioo cha mbele, ameinama mvuani, akitafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Ndani ya gari mkaanza kunuka nywele zilizoungua. Kisha nyuma ya pazia, juu ya godoro, sauti ya Ayanle ikasema taratibu:

"Nafiso. Nipokee mtoto, mikono imechoka."

Nafiso hakugeuka. Alikaza macho kwa mumewe aliyekuwa mbele yake, akaitazama midomo yake, ambayo ilikuwa imefumbwa, huku sauti ile ile aliyozoea kuamshwa nayo kwa sala ya alfajiri ikisogea karibu zaidi na zaidi, mpaka kitambaa cha buluu kikaanza kuvutwa na kuachwa, kuvutwa na kuachwa, kwa pumzi ya mtu aliye karibu sana.

"Nasikia mnapumua wawili kwenye kiti kimoja," ikasema. "Wangu alikuwa mmoja. Nawe utanipa mmoja."

Ayanle aliporudi, maji yakimchuruzika, Nafiso alimwomba aendeshe tu, asifungue pazia. Ayanle alivuta hewa, akaisikia harufu, akatia gia. Gari likatoka topeni peke yake, kama lililosukumwa.

Walipofika lami mvua ilikuwa imekatika na jua linachoma tena. Kwenye kizuizi cha kwanza askari mmoja aliyeitwa Majok alichukua karatasi zao, akachungulia dirisha la ubavuni, akarudi kwa dereva.

"Nyinyi iko watu tatu, karatasi iko mbili," akasema. "Huyu mama ya nyuma, karatasi yake iko wapi?"

Ayanle alijibu kwamba nyuma hakuna mtu. Askari alichungulia tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akarudisha karatasi bila kumtazama usoni.

"Mtoto yake imeungua sana," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe peleka hospitali."

Kutoka hapo hadi Juba hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa yule wa nyuma, ambaye njia nzima alibembeleza mtoto kwa sauti ya Ayanle, wimbo wa Kisomali ambao Ayanle mwenyewe aliimbiwa na mama yake, na Ayanle akaendesha akijisikia anaimba nyuma ya kisogo chake, asithubutu kuinua macho kwenye kioo.

Hawakwenda nyumbani. Walikwenda moja kwa moja Custom, kwa mwanamke mmoja muuza uvumba aliyeitwa Faay, ambaye Wasomali wote pale walimwita eedo, yaani shangazi, na ambaye aliwahi kuwatoa wengi mashetani. Faay aliingia garini na chetezo na Kurani yake, akafunga mlango. Walimsikia akisoma kwa nguvu, kisha kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Alipotoka, mtandio wake ulikuwa umelowa machozi.

"Mlifanya nini huko?" akauliza.

Nafiso alisimulia yote: maji ya moto, kilio, maneno ya nyuma ya pazia. Na hivyo ndivyo Ayanle alivyopata habari ya mtoto wake, amesimama juani kati ya magunia ya vitunguu. Alimshika mkewe bega.

"Majini waonevu nawatoa," Faay akasema. "Huyu ameonewa. Mwenye haki hafukuzwi, huombwa radhi. Mmeua mtoto wa watu, mkafunga vyombo vyenu mkaondoka. Rudini mkakae matanga. Atakayewapa mkono, pokeeni. Msitafute nyuso."

Walirudi kesho yake, na yule wa nyuma akiwa nao. Ukungu uliwapokea, ukafukuzwa na jua, jua likafukuzwa na manyunyu. Waliegesha palepale kwenye mawe mawili, wakapika chai ya tangawizi, wakatoa tende, wakafungua mlango wa ubavuni, wakaketi juu ya godoro kama wafiwa. Adhuhuri ikapita. Kisha gari likainama upande wa mlango, kama linavyoinama mtu mzito akipanda.

Ayanle alihisi kiganja kikavu, baridi, kikigusa chake na kuondoka. Gari likainama tena, na tena, springi zikilia, na viganja vikaja, vingine vikubwa, vingine vyenye vidole vingi kuliko inavyopasa, na kila kimoja wakakipokea na kusema poleni, poleni sana, mpaka hewa ikawa haba na gari likalala kwenye matairi kwa uzito wa wote waliokuja matangani, wakiwabana wao wawili mabega kwa mabega bila kuonekana hata mmoja.

Kisha wakaanza kushuka. Gari likapanda kidogo kidogo. Mmoja akabaki, na godoro likabonyea mbele ya Nafiso.

"Sikumwona," Nafiso akasema. "Wallahi sikumwona, dada yangu. Nisamehe."

Kitu kikawekwa mapajani mwake. Kilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, kina joto kali lililopenya dera lake hadi kwenye ngozi. Nafiso alitaka kukisukuma. Badala yake akakizungushia mikono, akakipakata, akalia, na hakulia kwa woga. Alikipakata mpaka joto likapoa, likawa baridi kabisa, na uzito ukainuliwa kwa upole.

Sasa sauti haikuwa ya Ayanle tena. Ilikuwa ya mwanamke, na imechoka.

"Umenilipa kwa machozi," ikasema. "Baki na wako. Akizaliwa, nitakuja kumwona."

Ayanle alimbana mkono mkewe, akatikisa kichwa kumwashiria asijibu. Nafiso aliiona ishara yake. Lakini mtu uliyemwendea kwenye msiba wake akisema atakuja kwako kwenye furaha, mwanamke aliyelelewa vyema ana jibu moja tu la kumpa.

"Karibu," akasema.