Kiota Kilichokanwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Darubini alifagia chumba cha kushonea cha mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na sakafuni hapakukosa nyuzi, vipande vya vitambaa na vifungo vilivyopotea. Vifungo hivyo alikuwa akiruhusiwa kuvichukua. Alivifuta vumbi, akavitia mfukoni, akaondoka navyo shuleni, kwa maana huko vilikuwa na kazi.

Darubini halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpachika kwa sababu ya macho yake. Ndege akipita juu ya bwalo, wengine wakiwa bado wanauliza yuko wapi, yeye alikuwa ameshasema ni ndege gani na anaelekea wapi. Mwalimu wa sayansi alikuwa na klabu ya ndege, na darasani mwake ukutani palikuwa na ramani kubwa ya mji iliyochorwa kwa mkono. Mwanafunzi akiona ndege, alibandika kifungo mahali alipomwona. Kifungo cha buluu kilikuwa cha ndege anayepita tu. Chekundu kilikuwa cha ndege aliyejenga kiota na kuzaa. Mwisho wa kila mwezi Mwalimu alipeleka habari hizo kwa mtaalamu wa ndege, aliyekusanya habari za shule nyingi.

"Chukueni mfano wa keremkerem, yule wa kijani anayekula nyuki," Mwalimu aliwaambia. "Zamani hapa kwetu alikuwa msafiri tu, kama mtu anayeshuka stendi kunywa maji akaendelea na safari. Kuzaa alizaa kule chini, kwenye joto. Sasa kule joto limezidi, mvua nazo zimebadilika, na inasemekana wengine wameanza kupanda huku juu kutafuta pa kulelea watoto. Je, ni kweli? Ndicho tunachotaka kujua. Kwa hiyo msiniletee porojo. Nileteeni mlichokiona."

Tena aliweka sharti. Kiota cha ndege ambaye hajawahi kuzaa hapa hakikupewa kifungo chekundu kwa neno la mtu mmoja. Lazima mtu wa pili aende, aone kwa macho yake, aseme.

Misimu miwili Darubini alikuwa akimtafuta keremkerem mwenye kiota. Misimu miwili aliambulia vifungo vya buluu.

Ndipo akaja mtoto wa mama mdogo. Mama yake alikuwa amepata kazi mbali, akamleta akae nao kwa muda. Siku ya kwanza shuleni walimwita Mgeni, na jina likaganda. Alikuwa mchekeshaji, hana makuu, na baada ya siku chache tu darasa zima lilikuwa linamtaka akae karibu. Mama naye alikata kitambaa cha maua ambacho Darubini alikuwa akikimezea mate tangu kiletwe, akamshonea Mgeni gauni.

"Mama, si uliniambia kitambaa kile ni cha mteja?"

"Mteja alibadili mawazo, mwanangu. Na mwenzio yuko mbali na mama yake. Mvumilie."

Donge lilimkaa Darubini rohoni. Tangu siku hiyo kila kicheko cha Mgeni kilimchoma.

Alhamisi moja, klabu ilipokutana, Mgeni alinyoosha mkono. "Mwalimu, jana nilipita kwa fundi matofali. Kwenye ule ukingo wa udongo nyuma ya tanuri kuna mashimo. Nimemwona keremkerem akiingia na nyuki mdomoni, akatoka mdomo mtupu. Nikasikia na sauti ndogondogo. Nadhani ana watoto."

Darasa likalipuka. Darubini alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Alikuwa amepita kwenye ukingo ule mara nyingi! Msichana aliyekuja juzi, asiyejua hata kutofautisha mbayuwayu na shomoro, ndiye ampate keremkerem?

Mwalimu alitoka nje na simu, akarudi uso umekunjamana. "Fundi anaanza kuukata ukingo huo kesho asubuhi. Ni mtu mwema. Anasema kama kweli kuna vifaranga, atachimba upande wa pili, ingawa una mawe na utamtoa jasho. Lakini siwezi kumwachisha udongo mzuri kwa neno la mtu mmoja. Nina kikao na wazazi alasiri hii. Darubini, chukua darubini ya shule, uende naye. Jicho lako naliamini."

Walikwenda. Walijibanza nyuma ya matofali yaliyopangwa kukauka, mbali kidogo na ukingo ili wasiwatishe ndege. Darubini ndiye aliyeshika darubini, wala hakuiachia.

Keremkerem alikuja akatua kwenye waya, nyuki mdomoni. Akampigapiga kwenye waya mpaka akamtoa mwiba, kisha akaruka moja kwa moja kwenye shimo. Na hapo, kwenye kizingiti cha shimo, Darubini akakiona kile alichokitafuta misimu miwili. Kichwa kidogo kilijitokeza, mdomo umeachama, kikampokonya mzazi wake yule nyuki.

Moyo ulimwenda mbio. Kisha ukakumbuka kwamba kiota si chake.

"Umeona? Umeona?" Mgeni alinong'ona huku akimvuta shati. "Mimi kutoka hapa naona kijani tu."

"Nimeona nini?"

"Nyuki! Si ameingia na nyuki?"

"Ameingia, ndiyo. Nyuki simwoni."

"Na sauti je? Sikiliza."

"Huo ni upepo."

Mgeni alimtazama, akautazama ukingo, akamtazama tena. "Lakini jana nilikuwa karibu kabisa..."

"Jana jua lilikuwa kali. Twende zetu."

Walimkuta Mwalimu getini akiagana na wazazi. Darubini alimwambia bila kupepesa, "Sikuona kitu, Mwalimu. Anaingia na kutoka tu. Labda anapumzika." Mwalimu akashusha pumzi, akampigia fundi simu. Wanafunzi waliokuwa wakicheza mpira karibu walisikia, wakaanza, "Mgeni, umeota mchana kweupe!" "Kesho atatuambia ameona tembo juu ya mti!" Mgeni, ambaye kila siku alikuwa na jibu la kuwavunja mbavu, siku ile aliinua kidole mbele ya uso wake, akakitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Darubini alijiandaa kufurahi. Furaha haikufika mbali.

Jioni ile Mgeni alikaa pembeni ya cherehani akijifikicha macho. Mama alimtupia jicho mara moja, akasimamisha mguu.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama mkubwa, nadhani macho yangu yana ugonjwa. Naona vitu ambavyo havipo."

Mama aliweka mkasi chini. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamwangalia jicho moja, akaangalia la pili. "Kesho sishoni. Asubuhi tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Kesho si unamalizia gauni la bibi harusi?" Darubini aliuliza upesi.

"Bibi harusi ataningoja. Macho hayangoji."

Darubini hakuamini masikio yake. Amesema uongo wote ule, na bado ni Mgeni anayeshikwa kidevu! Akajifikicha macho naye. "Hata mimi yananiwasha."

"Wewe? Darubini mzima? Acha vituko, kaoshe vyombo."

Katika nyumba ile hawakula bila kuomba. Mama alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula, akaongeza, "Na huyu mtoto niliyeachiwa, Mola, mponye macho yake. Usiniaibishe mbele ya mdogo wangu." Kisha akangoja waitikie. Mgeni aliitikia. Darubini alifungua kinywa, akakifunga bila kusema amina. Angemwombaje Mungu aponye kitu ambacho yeye ndiye aliyekitia ugonjwa?

Asubuhi aliondoka peke yake. Hakuwa amepanga kupita kwa fundi matofali, ila miguu ilimpeleka. Kabla hajafika alisikia sururu. Fundi na wasaidizi wake walikuwa wameanza kuukata ukingo kwa upande mmoja, na udongo ulikuwa ukiporomoka. Juu yao keremkerem walizunguka na kulia. Mmoja alikuwa na nyuki mdomoni. Alishuka kuelekea shimo, akaogopa watu, akapanda. Akashuka tena, akapanda tena, nyuki bado mdomoni.

Darubini alisimama. Akisema, hatakuwa tena yule ambaye Mwalimu anayaamini macho yake, na sifa zote zitakwenda kwa Mgeni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mashimo yataisha, na Mgeni atabaki akidhani ni mgonjwa.

Sururu ikapanda tena.

"Fundi! Fundi, acha! Tafadhali acha!"

Fundi alishusha sururu, akajifuta jasho. "Kuna nini, binti? Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo. Kuna vifaranga humo."

"Marahaba. Jana Mwalimu kaniambia hakuna kitu. Alimtuma msichana ambaye, kwa maneno yake, hajawahi kukosea."

"Ni mimi. Na sikukosea." Machozi yalikuwa yameanza. "Nilidanganya. Kifaranga nilikiona."

"Sasa kwa nini useme hukukiona?"

"Kwa sababu aliyeona kwanza si mimi."

Fundi aliwaashiria wenzake waweke zana chini. Alionyesha lundo la udongo mbichi. "Shimo la mwisho la upande huu limeshaanguka. Kama lilikuwa na kitu, Mungu ndiye anajua. Haya mengine nitayaacha. Lakini upande ule, udongo haufinyangiki mpaka uchambuliwe mawe. Jumamosi utakuja kuyachambua wewe."

"Nitakuja."

Alikimbia kurudi nyumbani, akawakuta Mama na Mgeni wanafunga mlango. "Mama, msiende! Macho yake ni mazima." Akamwaga yote, tangu kwenye matofali mpaka kwenye lundo la udongo.

Mama aliuchomoa ufunguo mlangoni. Mgeni ndiye aliyesema, taratibu. "Kwa hiyo nilimwona?"

"Ulimwona."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona. Na kifaranga pia. Nisamehe."

"Nimelala nikidhani nakuwa kipofu," Mgeni alisema. Akaingia ndani.

Shuleni Darubini aliomba ruhusa, akasimama mbele ya ramani, akayarudia maneno yale mbele ya klabu nzima. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa. Mwalimu alisema, "Ramani hii hudanganywa kwa njia mbili. Mmoja huongeza asichokiona, mwingine huficha alichokiona. Sote tulidhani anayeongeza ndiye mwongo. Kumbe hata anayeficha." Kwa muda mrefu baada ya hapo hakumtuma Darubini kuthibitisha jambo. Alihakikisha kila kitu mwenyewe.

Jumamosi Darubini alichambua mawe mpaka vidole vikachubuka. Mchana Mgeni alitokea, akakaa juu ya matofali.

"Umekuja kunisaidia?"

"Nani? Sijakusamehe bado. Nimekuja kuwaangalia ndege wangu." Baada ya kitambo akaongeza, "Lile jiwe kubwa umeliruka, wewe unayejifanya unaona."

Darubini alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mgeni hakucheka, lakini hakuondoka.

Wiki iliyofuata, vifaranga walipoanza kutoka na kujaribu mabawa kwenye waya, mtaalamu wa ndege alimpigia Mwalimu simu. Alisema habari ile ni kubwa, kwa kuwa shule ile ilikuwa ya kwanza katika sehemu zote za juu kumletea kiota cha keremkerem. Mwalimu akaweka sauti ya simu wazi. "Nani alikiona?" mtaalamu aliuliza.

Klabu nzima ilimgeukia Darubini. Alihisi lile donge likipanda tena, lilelile. Akalimeza.

"Alikiona ndugu yangu," alisema. "Mimi ni wa pili."

Jioni alimsimulia Mama, na hakuficha kwamba hata wakati ule roho ilimuuma. Alidhani Mama atamkaripia. Mama alikata uzi kwa meno, akaliweka gauni magotini.

"Wivu hauombi ruhusa, mwanangu. Hata mimi hunijia nikimwona fundi mwenzangu amejaa wateja, na mimi nimekaa natazama barabara. Siwezi kukwambia hautakujia tena. Ila ukikujia, usiupe ulimi wako uutumie. Macho hayo ulipewa na Mungu uone, na ulichokiona ukiseme kama kilivyo, hata kama sifa zinakwenda kwa mwingine. Siku ile hukumnyima mwenzio kifungo tu. Ulimnyima imani na macho yake mwenyewe, na ndege ukataka kuwanyima watoto wao. Umerudi ukasema kweli, tena kwa kinywa kilekile. Basi kitunze."

"Nimesikia, Mama."

"Haya, kamwite mwenzio tule."