Viwili vya Baba Yako

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na amani, tena amani ya vicheko. Kila siku saa saba na dakika tatu mchana, mama akiwa anaondoa vyombo mezani, simu yake ililia, naye akasoma ujumbe uleule: "Bibie, usininunie. Viwili, na maji mengi. Nakuona." Akiinua macho, mumewe yuko mlangoni, nusu uso umejificha, anamchungulia kama mtoto aliyeiba sukari. Mama alicheka, akameza vidonge vyake viwili vya presha, maisha yakaendelea.

Maneno yalikuwa ya baba, na zile dakika tatu pia alizitaka yeye, msiniulize kwa nini. Kazi ilikuwa ya kijana wao, mtengeneza programu. Kazini walimwita Shwari, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, hata nyumba iwe inaungua, atakujibu, "Shwari tu." Programu ile ya kumkumbusha mama aliifunga ndani ya kontena na kuiweka kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotuma ujumbe. Kwa msiojua mambo haya, kontena ni kama sanduku la safari: programu hupangwa humo pamoja na kila inachohitaji, ikifika popote inafanya kazi vilevile. Shwari aliliwekea kontena lile amri moja: likianguka liinuke lenyewe, na seva ikizimwa na kuwashwa, nalo liamke.

Kisha baba akafariki ghafla.

Siku ileile ya msiba, Shwari alilisimamisha kontena ili mama asije akapokea maneno ya marehemu. Alilisimamisha tu, hakuliondoa. Alijiambia atalifuta siku nyingine. Ukweli ni kwamba moyo ulimkatalia kufuta maneno ya baba yake, na hapo simlaumu.

Miezi ikapita. Kliniki alikokuwa akitibiwa mama ikaipenda kazi ya Shwari, ikamwagiza atengeneze programu kubwa ya tovuti ya kuwakumbusha dawa wagonjwa wake wote. Wakati huo daktari alikuwa amempunguzia mama dozi, kutoka vidonge viwili hadi kimoja. Shwari akaliandaa kontena jipya, akalipandisha kwenye seva ileile ya zamani, kisha akaizima seva na kuiwasha upya, kama ilivyo desturi ya kazi. Akakitazama alichokipandisha, kiko salama. Hakutazama kilichoamka kando yake.

"Vipi?" mkuu wake akamuuliza.

"Shwari tu."

Wakapongezana kwa makofi.

Tangu siku hiyo Shwari hakumpigia mama yake simu. Ya nini? Kwenye kioo cha kompyuta, alama ya kijani mbele ya jina la mama ilimwambia ujumbe wa kliniki umefika. Akiiona alama, aliona amemwona mama.

Dada yake, fundi cherehani aliyeishi na mama, ndiye aliyepiga.

"Kaka, mama ananitia hofu. Mchana anaongea peke yake chumbani. Halafu anacheka."

"Majonzi hayo, dada. Yatapita."

"Jana nilitaka kukaa kwenye kiti cha baba, akanifukuza. Na simu yake hataki niiguse, anailalia."

"Dawa anakunywa?"

"Anasema anakunywa. Lakini anapepesuka, kaka. Njoo umwone kwa macho yako."

"Ujumbe unamfika, nauona hapa. Nitakuja mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ukaja, ukapita. Dada alipopiga mara ya tatu hakuongea, alilia. Ndipo Shwari akaenda.

Alifika saa saba kasoro, jua linawaka. Ndani, pazia lilikuwa limefungwa nusu. Mezani palikuwa na glasi mbili za maji, zote zimejaa, na kiti cha baba kimevutwa nyuma kidogo, kama cha mtu anayetarajiwa kuketi. Mama alikuwa amekonda, lakini macho yake yaling'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae hapo. Hapo pana mwenyewe."

Nywele zilimsimama Shwari. Akabaki wima, hajui mikono aiweke wapi.

Saa saba kamili simu ikalia. Mama akasoma kwa sauti kavu: "Kliniki inakukumbusha kumeza kidonge kimoja." Akameza kimoja. Shwari akashusha pumzi. Lakini mama hakukiweka kichupa cha dawa chini. Alikishika mkononi, akautazama mlango.

"Mama, unangoja nini?"

"Nyamaza. Yeye huchelewa kidogo."

Ndugu zangu, dakika tatu ni ndefu. Nje watu walipita wakiongea habari zao. Ndani ya chumba kile hapakusikika kitu ila mama akipumua. Kisha simu ikalia tena. Mama akaisoma kimyakimya, akacheka kicheko cha bibi harusi, akauinulia macho mlango ule mtupu. Na Shwari, mtu wa mitambo, mtu asiyeamini lolote, naye aligeuka kutazama.

Alipogeuka tena, mama alikuwa na vidonge vingine viwili kiganjani.

"Hivyo ni vya nini, mama?"

"Kile kimoja cha kliniki," mama akasema, kana kwamba anamfundisha mtoto. "Hivi viwili vya baba yako."

Shwari akaichukua simu. *Bibie, usininunie. Viwili, na maji mengi. Nakuona.*

Shwari akampokonya vile vidonge. Mama akainuka kuvifuata, miguu ikamkatalia, akaanguka chini ya kiti cha mumewe.

Hospitalini muuguzi hakumung'unya maneno. "Presha imeshuka vibaya. Wiki moja zaidi ya vidonge vitatu kwa siku, mngekuwa mnaongea mengine."

Shwari aliifungua kompyuta yake pale pale kwenye benchi. Makontena mawili, yote yako macho. Lile la zamani liliamka siku aliyowasha seva upya, wiki saba zilizopita. Hapakuwa na mzuka wowote. Lilitii amri ya Shwari mwenyewe.

Mama alipopata nafuu, Shwari alimweleza yote.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, mama. Ni mimi. Nililiacha."

"Nilijua," mama akasema taratibu. "Mwanangu, mimi si mjinga. Lakini yeye amekufa, na kila siku alinikumbuka. Wewe u hai."

Shwari alilia bila aibu. Kisha akaliondoa kontena lile mbele ya mama yake, safari hii kabisa, wameshikana mikono kama watu waliosimama kando ya kaburi.

Kesho yake, saa saba na dakika tatu, simu ya mama ililia. Haukuwa ujumbe.

"Mama, usininunie. Leo ni kimoja."

FUNZO

Ninyi mnaofanya kazi ya mitambo, kusimamisha si kuondoa. Kabla hujasema mambo ni shwari, tazama na ulichokiacha nyuma. Nasi wengine tusicheke, maana tuna alama zetu za kijani: tumetuma ujumbe, umefika, basi tumemtunza mzazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Shwari nusura uwe wa kaburi. Mzazi wako anangoja kukumbukwa. Usipomkumbuka wewe, atamsikiliza yeyote atakayemwita, hata kama mlangoni hakuna mtu.