Jibu Alilolibuni Kalamu

Kila siku baada ya masomo, Kalamu alipitia ofisini kwa shangazi yake. Wenzake wa darasa la sita walimbandika jina hilo kwa sababu aliandika haraka kuliko wote. Shangazi alikuwa akiifundisha kompyuta kujisomea kurasa za mtandaoni, iokote humo maarifa ya afya, kisha ijibu maswali ya watu.

"Inajuaje kama jambo ni la kweli?" Kalamu aliwahi kumwuliza.

"Ikilikuta kwenye kurasa nyingi, inaliamini zaidi. Haimjui aliyeandika, mwanangu."

Siku ya majaribio alikuja muuguzi wa zahanati ya jirani. Mkuu wa ofisi alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Muuguzi akaandika: "Mtu akiungua na maji ya moto, afanyiwe nini?"

Jibu likatokea: "Apakwe dawa ya meno."

"Lo!" muuguzi alishtuka. "Asubuhi hii nimemsafisha mtoto aliyepakwa dawa ya meno kwenye mkono ulioungua. Amelia mpaka sauti imemkauka. Mama yake anasema kasoma mtandaoni!"

Mkuu akamgeukia shangazi. "Kazi gani hii? Mimi nilikuamini."

Kalamu alihisi uso ukimwaka moto. Jibu lile lilikuwa lake. Mwezi uliopita mwalimu aliwatuma wakamwulize muuguzi kuhusu huduma ya kwanza, kisha kila mmoja aandike ukurasa wake kwenye tovuti ya darasa. Yeye aliona uvivu kwenda, akabuni jibu. Wenzake wanane wakalinakili vilevile lilivyo.

Angeweza kunyamaza. Lakini alimsikia shangazi akisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mkuu. Kosa ni langu."

"Si lake!" Kalamu aliropoka, machozi yakimtoka. "Ni langu mimi. Sikumwuliza mtu. Nilibuni tu."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Muuguzi alimvutia kiti.

"Kaa, andika upya. Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo na barafu, kwa dakika ishirini. Asipakwe chochote. Kisha apelekwe zahanati."

Kesho yake Kalamu alisimama mbele ya darasa, akakiri huku akitazama viatu vyake. Wenzake wanane wakasahihisha kurasa zao. Wiki iliyofuata kompyuta ilisoma upya, ikajibu sawasawa.

"Na yule mtoto?" Kalamu alimwuliza muuguzi, aliyerudi kuijaribu tena.

"Anapona. Ila kovu litabaki."

Shangazi alimshika bega. "Kompyuta tumeifundisha upya, lakini kovu la mtoto halifutiki kama ukurasa. Usilolijua, uliza. Ukiandika, kumbuka kuna mtu mahali fulani atakayekuamini."

Kalamu alijifuta machozi, akaomba apelekwe nyumbani kwa yule mtoto.